Kesho Nitashuka Kiabakari

Wegesa, mwanangu,

Umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, na najua hutarudi mapema, maana kwaya yenu ikianza kuagana humaliza kitabu kizima cha nyimbo. Nimetumia nafasi hiyo kufungua begi lako. Usinune. Asubuhi nilikuona ukitia ndani daftari langu la adverb clauses, lile nililolifunika kwa karatasi ya kaki, na juu yake ukaweka karatasi ya manila uliyoiandika kwa kalamu nyekundu. Daftari nimeliacha humo humo. Karatasi nimeichana, na barua hii ni ya kukueleza kwa nini.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango kwa komeo, wala za wanaume. Mengine unayajua, na usiyoyajua Kigoma ulikopangiwa kazi itakufundisha. Nina jambo moja tu. Kesho alfajiri nitapanda nawe basi hapa Musoma, nawe nimekuona umeshaanza kuona haya, mwalimu mzima kusindikizwa na mama yake. Tulia. Nitashuka Kiabakari. Kuna mama mzee pale ambaye kwa miaka kumi na sita nimemwacha aamini jambo lisilo kweli, na kwa ajili ya jambo hilo hali chakula na binti yake wa kumzaa. Nakwenda kumwambia ukweli. Naogopa. Hivi ninavyoandika nimeshakwenda chooni mara mbili kama mtoto anayesubiri mtihani.

Kwenye manila yako uliandika sheria yangu ya mlango: asiye na sentensi kamili ya Kiingereza asiingie. Uliisikia tangu ukiwa mdogo, watu wakinisifia, na ukaona ni urithi. Sikukulaumu. Mtoto huokota kinachong'aa.

Nilikuwa mwalimu mzuri, Wegesa. Nasema bila aibu kwa sababu uzuri huo ni sehemu ya ubaya ninaokusimulia. Watoto walikuja kidato cha kwanza hawawezi kuomba maji kwa Kiingereza. Wengine hata Kiswahili kilikuwa cha shuleni tu, nyumbani ni Kizanaki, na jioni ni kuswaga ng'ombe. Nikawafundisha vishazi vielezi, hizo adverb clauses, kwa hadithi ya mama na mtoto. Kishazi kikuu ni mama, husimama peke yake. Kishazi tegemezi ni mtoto, hata awe mrefu namna gani hawezi kusimama bila mama. Niliandika ubaoni "Because I was sick", kwa sababu niliumwa, kisha nikawauliza, huyu mtoto yuko njia panda analia, mama yake yuko wapi? Darasa zima linajibu, hayupo, Madam. Basi mkamtafute. Wanamtafuta, wanamleta: "I did not come to school," sikuja shuleni. Wanacheka, wanafurahi. Nikawaonyesha kwamba mtoto akitangulia mbele tunaweka mkato, akifuata nyuma ya mama mkato hauhitajiki. Tukaenda hivyo: vya wakati, vya sababu, vya sharti, vya kukiri jambo huku unalipinga. Kabla mwaka haujafika katikati mtoto wa mkulima wa pamba anakuandikia kwamba mvua isiponyesha hawatapanda, na mkato ameuweka mahali pake. Hiyo ilikuwa furaha yangu kubwa maishani, nikikutoa wewe.

Halafu nikaona darasani hakutoshi. Nikaitoa sheria nje, mpaka kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Meza yangu ilikuwa ya kwanza ukiingia. Mwanafunzi yeyote mwenye shida alisimama kizingitini akaisema kwa Kiingereza, sentensi nzima, mama na mtoto wake. Akileta nusu namrudisha. Namwambia, huyo mtoto umemwokota wapi, kamlete na mama yake. Anageuka, anakwenda kuipanga, anarudi. Wengine walirudi mara nne kwa ajili ya kuomba chaki. Na aliyeponyokwa na Kiswahili alivaa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake akikisema. Kibao hicho nilikichongesha mwenyewe kwa fundi seremala, kwa mbao ya mninga, ili kidumu. Mkaguzi alipokuja akakaa ofisini nusu siku akitazama watoto wanavyogeuzwa mlangoni, akasema shule nyingine zije zijifunze kwetu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikakupikia wali. Ulikuwa darasa la kwanza, pengine unaukumbuka wali, hukujua ulikuwa wa nini.

Jina la shule silitaji. Unajua ni upande wa Butiama, na unajua kwamba kutoka pale kwenda Kiabakari watoto walikuwa wakikatiza porini, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu. Watu wazima walikwishayaacha. Watoto hawakuyaacha. Mvua ikinyesha udongo ulikuwa unalainika, basi wakati wa mapumziko wanachomoka na karai, wanachekecha, wakipata punje wanauza senta, pale madukani. Tulijua. Tuliwachapa Jumatatu, Jumatano wamerudi.

Nyangeta alikuwa kidato cha pili. Msichana mkimya, mrefu, mwenye tabia ya kushika ncha ya kola anapoulizwa swali. Kiingereza chake kilikuwa dhaifu na wiki ile kibao kilikuwa chake, siku ya tatu mfululizo, kwa sababu hakuwa mtu wa kumvizia mwenzake akosee. Mdogo wake, Magesa, alikuwa kidato cha kwanza. Huyo alikuwa mcheshi mpaka kero.

Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi. Kengele ya kumaliza mapumziko ilikuwa imelia, mimi sikuwa na kipindi, nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, zoezi la adverb clauses za sababu. Nyangeta akasimama mlangoni. Miguu ilikuwa na tope mpaka magotini na kibao kimegeukia mgongoni. Akasema, "Madam, because the hole." Kwa sababu shimo.

Niliinua macho nikaona tope, nikadhani ametoroka na sasa anakuja kujitetea. Nikamwambia kwa Kiingereza, because the hole nini? Mtoto huyo yuko peke yake. Kamlete mama yake. Walimu wawili waliokuwamo wakacheka, si kwa ubaya, walikuwa wamezoea. Akageuka.

Akarudi. Alikuwa anahema. "When Magesa enter the hole," akasema, Magesa alipoingia shimoni, kisha akashika kola. Nikamwambia ni "entered", na bado ni nusu. Nikamwambia, uko kidato cha pili, Nyangeta, unanitia aibu, kaa pale nje uiandike, usirudi mpaka iwe nzima.

Jina la Magesa nililisikia. Neno shimo nililisikia mara mbili. Nimejitahidi miaka yote hii kujiambia kwamba sikusikia, lakini nilisikia, na nilichofanya na maneno hayo ni kuyapima kama yamekamilika. Tuna msemo kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini kusaidiwa. Mtoto yule alikuwa amerejea zizini. Aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa zizi ni mimi.

Hakurudi mara ya tatu. Nikaendelea kusahihisha. Nakumbuka nilisahihisha daftari saba, na moja nililipa kumi kwa kumi.

Kengele ya kipindi kilichofuata ilipolia nikatoka, nikamkuta amechutama ukutani karibu na tangi la maji, daftari juu ya goti, kalamu mkononi. Alikuwa analia bila sauti. Aliponiona akasimama akaninyooshea daftari kwa mikono miwili, kama tulivyowafundisha. Alikuwa ameandika: "Although we called Magesa many times, he did not answer because the soil fall on him." Ijapokuwa tulimwita Magesa mara nyingi hakuitika, kwa sababu udongo ulimwangukia.

Sasa nitakwambia kitu ambacho sijamwambia padri. Jicho langu lilipopita kwenye mstari ule, kabla moyo haujashtuka, liliona kwanza "fall" badala ya "fell". Liliona pia kwamba mkato ameuweka sawasawa. Ilikuwa muda mfupi sana, haikufika kupepesa jicho, lakini ilikuwepo. Mtoto wa watu amefukiwa, na mimi nimeona kosa la kitenzi. Ndipo nikapiga kelele.

Tulikimbia wote, walimu, wanafunzi, watu wa senta wakaja na majembe na masepeto. Mimi nilichimba kwa mikono mpaka kucha mbili zikang'oka. Walimtoa jua linashuka. Mganga wa zahanati alisema pengine alikufa papo hapo, na pengine hapana, udongo ule ulikuwa na mabonge na hewa hupita katikati ya mabonge. Alisema hakuna awezaye kujua. Hilo ndilo jibu nililopewa niishi nalo. Kipindi kimoja ni dakika arobaini.

Mkuu wa shule aliandika ripoti kwamba wanafunzi walitoroka wakati wa mapumziko na taarifa ya kwanza ikawafikia walimu kengele ya kipindi kilichofuata ilipolia. Akanisomea, akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Nikasema ndivyo. Walimu wale wawili hawakusema neno. Mmoja alihama, mwingine amekwisha kufariki, na mpaka anakufa tulikuwa tukisalimiana habari za mifugo tu.

Msibani nilifika na mikono imefungwa bendeji. Mama yao akanyanyuka pale chini alipokuwa ameketi na wanawake, akaja akaishika mikono yangu, akaibusu juu ya bendeji, akasema kwa Kizanaki kwamba Mungu anilipe, amesikia nilivyomchimbulia mwanawe. Wanawake wote wakaitikia. Nami nikapokea shukrani ile, Wegesa. Nilikaa nayo pale chini mpaka wakazika. Nyangeta alikuwa ukutani ananitazama. Nilijua akisema neno moja nimekwisha, na niliomba asiseme. Niliomba hivyo kwa Mungu yuleyule tuliyekuwa tukimwimbia.

Hakusema. Hakurudi shule pia. Kibao nilikichoma jikoni kwetu, ile mbao ya mninga haishiki moto upesi, na sheria ya mlango ikafa bila tangazo. Watu walidhani nimelainishwa na msiba. Wakaendelea kunisifia kwa sheria ambayo haikuwepo tena, na sikuwakataza, ndiyo maana nawe umeikuta hai na kuinakili kwa kalamu nyekundu.

Ulikuwa unaniuliza kwa nini kila mwisho wa mwezi tunakwenda mpaka Mugango kununua dagaa wakati Mwisenge wamejaa tele mlangoni kwetu. Nilikuwa nikikwambia wa Mugango hawana mchanga. Uongo mtupu, wana mchanga uleule. Yule dada mrefu aliyekuwa akikuongezea kopo moja la ziada ndiye Nyangeta. Aliolewa pale na mvuvi. Mimi nilikuwa nikisimama mbali kwenye kivuli, wewe unatumwa na ndoo, nikijidanganya kwamba kununua dagaa wake ni namna ya kusema. Alikuwa akinisalimia kwa kichwa. Basi tukaishi hivyo.

Kisha barua yako ya ajira ikaja. Ukaruka ruka hapo uani, ukanikumbatia, neno la kwanza ukasema utafundisha kama mimi. Mengine yote niliweza kuyabeba, hilo lilinishinda. Kesho yake nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke Mugango, wewe nikakuaga nakwenda kwa fundi cherehani.

Nilimkuta anageuza dagaa kwenye nyavu. Sikutafuta maneno mazuri. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha kwa siku ile ya mlangoni. Alinitazama kama hajanielewa, akaendelea kugeuza. Nilidhani ni hasira, na nilikuwa tayari kwa hasira. Haikuwa hasira.

"Madam," akasema, "mi nilikuwaga najua kosa ni langu. Ningekuwaga nasoma kwa bidii, Magesa angepona."

Miaka kumi na sita, Wegesa. Nilikaa chini palepale kwenye mchanga na gauni langu la kanisani. Nikamwambia hapana, si wewe, ulikuja mara mbili, nilisikia, nilikurudisha. Nikarudia mpaka akaacha kugeuza dagaa. Ndipo akanieleza yaliyokuwa kwao. Mama yake alimuuliza baada ya maziko: ulikwenda kwa walimu, ulikaa huko ukifanya nini mwenzako anakufa? Naye alijibu neno moja tu, kwamba alichelewa. Ndivyo alivyoamini. Mama yake hakupiga kelele. Alikuwa anaitwa Mama Nyangeta tangu ujana wake, kama ilivyo kwa mzazi yeyote na kifungua mimba wake. Akawaambia majirani kwamba tangu leo wamwite Mama Magesa. Wakamwita hivyo. Nyangeta akienda kusalimia anapewa kigoda na maji, kama mgeni, na sahani yake inaandaliwa peke yake. Wajukuu wanapokelewa vizuri. Yeye anakula upande wa pili wa nyumba.

"Nenda ukamwambie wewe," akasema. "Mi hanisikilizagi. Na wewe anakuombeaga mpaka leo, kila Jumapili anakutaja."

Ndiyo hiyo safari ya kesho. Nyangeta atanisubiri barabarani pale Kiabakari, tutakwenda kwa miguu pamoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeyaficha maradhi haya mpaka yakamla mtu mwingine. Sijui yule mama atafanya nini. Anaweza kunifukuza. Anaweza kulaani mikono ile aliyoibusu. Anaweza kwenda kwa wakubwa, na akienda nitasema mbele yao vilevile, hata kama jina langu mnalojivunia wewe na bibi yako kule Bunda litaishia hapo. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu, na uwe mbali kidogo utakapoamua unanionaje. Ukiamua vibaya nitaumia sana, lakini sitakuambia umekosea.

Daftari liende nawe. Fundisha vishazi, uvifundishe vizuri, watoto wanavihitaji. Hadithi ya mama na mtoto itumie pia, ni nzuri na wanaipenda. Nilichojifunza mimi si kigeni: mtu mwenye shida kubwa haanzi na kishazi kikuu. Anaanza na sababu, au na wakati, au na kama, kwa sababu lile neno lenyewe kubwa halitamkiki. Siku kumi na nne nimekuwa hapa mezani nikipanga nitakavyomwambia Mama Magesa, na kila nikianza naanza hivyohivyo. Kwa sababu nilidhani ametoroka. Kwa kuwa mkaguzi alitusifu. Ijapokuwa nilichimba. Nimejaza kurasa za watoto wasio na mama. Na neno lenyewe ni fupi: nilimrudisha mlangoni.

Lile daftari la Nyangeta ninalo. Nililichukua mikononi mwake siku ile, nikalificha chini ya vitenge vyangu, na sikuwahi kulisahihisha. Kesho nakwenda nalo. Mama yake hajui kusoma, na Kiingereza hajui kabisa. Kiswahili anakisikia, lakini habari ya mtoto aliyekufa haisemwi kwa lugha ya sokoni. Kwa hiyo itabidi niutafsiri mstari ule kwa Kizanaki, mimi ambaye Kizanaki changu ni cha kuokoteza kwa wanafunzi, sijui hata kuhesabu mpaka ishirini bila kukosea. Nyangeta amesema hatanisaidia. Amesema hiyo ni yangu.

Basi likisimama usishuke. Kaa kwenye kiti chako, begi lako ulipakate, maana nimetia humo dagaa wa Nyangeta. Amewatoa mchanga mmojammoja, nimeona mwenyewe. Ukichungulia dirishani utamwona, mrefu, ameshika kola. Mpungie mkono. Mimi usinipungie, nitakuwa nimeshageuka, kwa sababu nikikutazama nitapanda tena.

Na kama wakati huo utataka kujua niko wapi, nitakuwa nimesimama kwenye mlango wa mama wa watu, na maneno yangu nusunusu, nikisubiri kama ataniruhusu niendelee.

Mama yako